Koili Haina Kosa: Maneno kwa Mafundi Vijana wa Mitambo, Tanga

(Niliyasema haya Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa gereji moja upande wa kuelekea Pongwe. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Vicheko nimevipunguza.)

Wazee wangu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, na nyinyi wagosi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, asalaam aleikum. Habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya umeme wa mitambo. Huo ni bahari, nami nimepewa nusu saa, kwa hiyo nimechagua kidude kimoja: solenoidi. Najua wengine mnaiita selenoidi. Ni sawa, mwenye duka la spea anaelewa zote mbili na bei haipungui.

Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayoonewa kuliko kifaa chochote kwenye mtambo. Kijiko, ule mtambo wa kuchimba, kikigoma, solenoidi. Greda isipozima, solenoidi. Winchi ikikwama, solenoidi. Inafunguliwa, inatupwa, inafungwa mpya, na mtambo unabaki palepale ulipokuwa. Kwa miaka yangu kwenye kazi hii, koili nilizokuta zimetupwa chini ya benchi zikiwa nzima ni nyingi kuliko zilizokufa kweli. Nina kapu lake nyumbani, mke wangu analitumia kushikilia mlango.

Na kazi zenyewe ndizo hizo zinakuja. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe Chongoleani mwaka 2017, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, mmeona wenyewe mitambo inavyopita barabarani. Bandari nayo imechimbwa kina. Zamani meli ilikaa nje, mzigo ukaja kwa matishari. Leo meli inafunga gatini, na gatini kuna mitambo ambayo baba zenu hawakuiona. Kila mmoja wa hiyo una solenoidi kumi, ishirini, na zaidi.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Waya wa shaba umeviringishwa mizunguko mamia kwa mamia juu ya bomba dogo, hiyo ndiyo koili. Ndani ya bomba mna kipande cha chuma kinachoteleza. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, chuma kinavutwa. Ukikatika, springi inakirudisha. Basi. Aliyekipa kitu hiki jina ni Mfaransa Ampère, miaka ya 1820, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya bomba au mfereji. Karne mbili, na ndani yake hakuna kilichobadilika cha kukutisha.

Sasa niwape kisa, kwa sababu kisa kile ndicho kilichonifanya niache kuamini mita yangu mwenyewe kabla sijaiuliza vizuri.

Niliitwa kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, si mbali sana na hapa. Mwenye machimbo simtaji. Kijiko cha tani ishirini na kitu. Asubuhi kinachimba kama kawaida. Ikikaribia saa saba mchana, injini inanguruma vizuri lakini mkono haupandi, baketi haikunji, minyororo haitembei. Opereta anazima, anakwenda kula, anakaa kivulini saa nzima. Akirudi na kuwasha, kimefufuka. Kinachimba nusu saa, kinakufa tena.

Mnajua watu wa bara wanavyotusema sisi wa Tanga kwa mambo ya majini. Mlinzi wa pale akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Fundi, hapa pana mwenyewe. Saa saba ni saa yake." Sikumcheka, kwa sababu alikuwa ameona jambo la maana kuliko mafundi watatu walionitangulia. Alikuwa ameona saa. Wale watatu kila mmoja alifunga koili mpya, na wa mwisho akamshauri tajiri ashushe pampu kuu. Pampu, ndugu zangu! Pampu iliyochoka haiui mkono na minyororo kwa sekunde moja, halafu ikavifufua baada ya chakula.

Kwenye kijiko, pembeni ya kiti cha opereta, iko leva ya usalama. Ukiishusha, umeme unakwenda kwenye solenoidi moja, nayo inafungua njia ya oili ndogo ya pailoti, ile inayobeba amri za leva za mkononi. Solenoidi hiyo isipovuta, leva zote zinakuwa mapambo. Kwa hiyo vyote vikifa kwa pamoja, usianze na mkono, usianze na minyororo. Anza pale vyote vinapopita mlango mmoja.

Nikachomoa plagi ya solenoidi, injini inaunguruma, nikaweka mita kwenye plagi. Volti 27.4. Betri na alteneta zinatoa 27.6. Nani hapa asingesema umeme umefika? Wale watatu walisema hivyohivyo: umeme upo, basi koili ndiyo mbovu. Na ndipo walipopotea wote.

Plagi ikiwa imechomolewa, hakuna mkondo unaopita. Mita inakula kitu kidogo mno, karibu na bure. Hata waya uliobakiwa na unywele mmoja utaipitishia mita volti zote. Ni kama bomba la maji la mtaani lililozibwa na tope. Funga koki, geji itasoma presha kamili. Fungua koki ujaze ndoo, yanatoka machozi.

Nikairudisha plagi, nikasubiri saa ya mwenyewe ifike. Mkono ulipokufa, nikapima kwa nyuma ya plagi, solenoidi ikiwa imebeba mzigo wake. Volti 18.9. Zile nyingine ziko wapi? Umeme haupotei ukaenda sokoni. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya koili: volti 0.4, upande huo hauna neno. Nikahamia upande wa pili, hasi ya koili kwenda hasi ya betri: volti 8.3. Jumlisheni wenyewe, 0.4 na 18.9 na 8.3. Inarudi 27.6, haikosekani hata senti.

Volti nane zimekaa kwenye ethi, njia ya umeme ya kurudi betrini! Nikaufuata waya mweusi mpaka nyuma ya kibanda cha opereta, kwenye bolti moja. Mtambo uliwahi kupakwa rangi, na aliyepaka alipita na bolti juu. Chini ya rangi, kutu. Chumvi ya bahari yetu hii haihitaji mlango, inaingia kwa pumzi. Nikafungua, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga na kupaka grisi. Robo saa. Koili niliyokikuta nayo kijiko ndiyo iliyobaki, na zile mbili za kabla yake nikaziokota zikiwa nzima.

Kwa nini saa saba? Hapo nataka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mlio na kalamu.

Shaba ikipata joto inakuwa nzito kupitisha umeme. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi ukinzani unaongezeka karibu asilimia 0.4. Koili yenye ukinzani wa omu 24 asubuhi kwenye nyuzi 20, ikifika nyuzi 100 inasoma omu 31 na ushee. Na nyuzi 100 si ajabu. Koili inajipasha yenyewe, iko karibu na oili ya moto, juu yake jua la Tanga. Ethi yenye kutu nayo ilikuwa na kama omu 14. Asubuhi mkondo ulikuwa kama ampea 0.7, mchana ukashuka hadi 0.6. Mtasema, pengo hilo ni kitu gani? Lakini nguvu ya sumaku haishuki sawasawa na mkondo, inashuka kwa mraba wake. Ile tofauti ndogo ilikula zaidi ya robo ya mvuto. Asubuhi solenoidi ilikuwa inavuta kwa kubahatisha, mchana springi ikaishinda. Koili mpya ingesaidia nini? Mpya nayo ni shaba.

Yule mlinzi nilimweleza. Akaniambia, "Basi mwenyewe anakaa kwenye bolti." Nikakubali.

Tangu siku ile, mita yangu haisomi plagi iliyochomolewa nikaishia hapo. Nitapima ikiwa imechomolewa kujua waya haujakatika kabisa, sawa. Lakini hukumu naitoa kitu kikiwa kinafanya kazi, na kikiwa kwenye hali ileile kinapogoma. Kinagoma cha moto, pima cha moto. Kinagoma baada ya kuoshwa, mwagia maji kisha pima. Opereta muulize kabla hujagusa spana: ni kimoja kilichokufa au vyote? Ghafla au polepole? Nani alikigusa mara ya mwisho, na alifanya nini? Opereta wengi wanajua jibu ila hakuna aliyewauliza.

Sasa njia za haraka. Kama solenoidi ziko mbili zinazofanana, zimekaa jirani, badilishana plagi. Hitilafu ikihama, umeme wako una neno. Isipohama, angalia koili au valvu yenyewe, ule mlango wa oili. Koili nyingi za haidroli, yaani mfumo wa oili yenye presha, zinatoka kwa nati moja bila kumwaga tone la oili, kwa hiyo hata koili unaweza kuihamisha. Chukua bisibisi, gusisha kwenye nati ya mwisho wa koili, mwenzako awashe. Bisibisi ikishikwa, sumaku ipo. Isiposhikwa, usiseme chochote bado, kapime. Na valvu nyingi zina pini ndogo ya kusukuma kwa mkono. Ukiisukuma na mtambo ukaitika, haidroli nzima umeshaisafisha jina, rudi kwenye nyaya.

Lakini hapo pana kifo, na sitapita haraka. Ukisukuma pini ile, au ukipeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye koili, mtambo unatembea bila opereta. Mkono unashuka. Kabla ya mchezo huo baketi iwe imelala chini, matairi au minyororo imezuiwa, na hakuna mtu anayepita chini wala katikati ya kitu na kitu. Presha iliyomo kwenye haidroli ya kijiko inapita bar 300. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Oili ikitoka kwenye tundu la sindano kwa presha ile inaingia kwenye nyama ya mkono kama bastola, na kidonda cha nje kinaonekana kidogo, mtu anakwenda kulala nacho. Hapana. Huyo anapelekwa hospitali saa ileile na daktari anaambiwa ni oili ya haidroli. Usitafute mvujo kwa kidole, tumia kipande cha boksi.

Upimaji wa omu ni rahisi, koili ikiwa imechomolewa. Mita ikikaa kimya kabisa, waya wa ndani umekatika. Ikisoma omu mbili tatu pale mwenziwe anaposoma ishirini na kitu, ndani kuna shoti, na ndiyo inayokula fyuzi. Pima pia kati ya mguu wa koili na mwili wake, pasisome kitu. Nami sikupi namba ya kukariri. Mwenziwe wa jirani ndiye kitabu chako, au namba iliyochapwa ubavuni.

Niseme na langu, nisije nikaonekana nimezaliwa na mita mkononi. Nilipokuwa kijana nilikuwa napima kwa kutoboa waya na sindano. Haraka, safi, huchomoi kitu. Nilimtoboa mtu greda yake sehemu tano, nikapata hitilafu, nikalipwa, nikasifiwa. Haikupita miezi mitatu akaniita tena. Kila nilipotoboa, unyevu wa chumvi uliingia, na ndani ya waya shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Ganda la nje zima, limenyooka. Nilikuta hitilafu tano, zote zangu. Huko Dodoma labda ungesamehewa mwaka mzima, hapa kwetu pwani husamehewi. Pima kwa nyuma ya plagi. Na waya uliokatika usiusokote na kuufunga tepu ukaondoka. Bana kwa kiungo, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto.

Sasa ile ya kuzima injini, solenoidi ya dizeli. Hii ina ujanja wake na imewatia wengi hasara. Nyingi zina koili mbili ndani ya kopo moja: moja ya kuvuta, moja ya kushika. Ya kuvuta kwenye volti 24 inaweza kunywa ampea 40. Zidisheni: karibu wati 1,000, hiyo ni pasi ya umeme mmeifungia ndani ya kopo la maziwa. Imetengenezwa ifanye kazi kwa sekunde moja, ivute, ikatwe, ya kushika ibaki na kama ampea moja. Fimbo inayounganisha solenoidi na pampu ya dizeli ikiwa imepinda, au imerekebishwa ikabaki milimita mbili haijafika mwisho, swichi ya ndani haikatwi. Pasi inaendelea kuwaka. Dakika haiishi sana, harufu mmeisikia. Fundi anafunga mpya, na nayo inaungua mchana huohuo, kisha analaumu spea za siku hizi. Solenoidi ile haikufa, iliuawa. Ifungue, sukuma fimbo kwa mkono, hakikisha inafika mwisho yenyewe bila kulazimishwa. Zile ambazo koili ya kuvuta inakatwa na rilei ya nje, swichi inayoendeshwa na umeme, mshukiwa wa pili ni rilei hiyo, inaganda.

Koili zinazotawaliwa na kompyuta ni mji mwingine. Kompyuta haizipi umeme mfululizo, inazipa mapigo, mamia kwa sekunde moja, na mita yako inasoma wastani tu. Ukiona volti 9 usikimbilie kusema umeme mdogo, huenda ndiyo amri yenyewe. Hizo usizipe betri moja kwa moja. Na nyingine zina dayodi ndani, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu koili ikikatiwa umeme inarudisha teke la volti mamia, na dayodi ndiyo inayolimeza. Ukigeuza chanya na hasi kwenye koili ya namna hiyo, fyuzi inakwenda, au dayodi inakwenda, au vyote.

Wenzetu wa viwandani na wa korona, mitambo ya kuchakata mkonge, zenu mara nyingi ni za umeme wa mkondo geu, volti 230. Hizo zina tabia moja tu ya kuwaambia leo: chuma kikikwama njiani, koili inaungua yenyewe, kwa sababu mkondo haushuki mpaka chuma kikae. Kwa hiyo koili ya namna hiyo ikiungua, osha njia ya chuma kabla hujafunga mpya. Mengine tutaongea tukinywa chai.

Kuna kijana aliniuliza pale getini, kabla hatujaanza: "Mzee, na asiye na mita?" Nimekuja na jibu lake mfukoni. Hii hapa. Balbu ya indiketa ya lori, volti 24, wati 21, nimeilehemu waya mbili na vibanio. Inakunywa karibu ampea 0.9, yaani karibu sawa na koili ya haidroli. Chomoa plagi ya koili, unga balbu mahali pake. Ikiwaka nyeupe, njia zote mbili ni nzima, ya kwenda na ya kurudi. Ikiwaka nyekundu kama kaa la mkaa, kuna kutu mahali. Mita ingekuambia 27.4 na ukadanganyika, balbu hii haina adabu ya kudanganya, inabeba mzigo. Ila usiiweke kwenye nyaya za kompyuta, hizo subiri ununue mita.

Basi tutoke nje, jua bado halijawa kali. Kijiko kiko chini ya ule mwembe, baketi imelala. Jana jioni nilikiharibu mwenyewe, mahali pamoja tu, na koili zote ni nzima. Leva hazifanyi kazi. Atakayepata kabla ya adhuhuri, balbu hii ni yake.